CNC 3018 kwa karakana ya chuo: inafundisha nini na inaishia wapi

Mwajiri mwenye mashine kubwa ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, anatafuta mtu atakayefunga kipande kwenye jiliwa kisichomoke, akaweka sifuri mahali pake, akapima kipande cha kwanza kabla ya kuruhusu cha pili, na mashine ikisimama na kuonyesha namba ya hitilafu asianze kubonyeza vitufe ovyo. Mambo hayo hayaingii kwa kutazama. Hapo ndipo vyuo vingi vya ufundi vinapokwama: CNC kubwa ya kuchonga chuma inataka umeme wa fezi tatu, hewa ya kompresa ya takriban baa 6, maji ya kupozea yenye mafuta na makumi ya maelfu ya dola. Hata ikipatikana inakuwa moja. Mwalimu ndiye anayeigusa, na darasa zima linachungulia kioo cha mlango.

CNC 3018 ni mashine ndogo ya mezani inayouzwa mtandaoni kwa takriban dola 200 hadi 300 za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Wengi huidharau kama kitu cha kuchezea. Kwa kukata chuma wana haki. Kwa kumfundisha mwanagenzi kazi nzima ya CNC, kuanzia mchoro hadi kipimo cha mwisho, ni vigumu kupata kitu cha bei hiyo kinachoifikia, mradi inunuliwe ile yenye swichi za kikomo, zinazohisi mhimili ukifika mwisho wake, na inunuliwe pamoja na vipimo. Bila viwili hivyo, bora fedha zikae.

Kilichomo kwenye boksi

Jina linatokana na eneo la kazi: milimita 300 kwa mhimili wa X na 180 kwa Y. Z ina milimita 45 hivi, lakini ukishafunga kipande na biti unabaki na pungufu ya hapo. Fremu ni ya alumini yenye mifereji, mihimili inateleza juu ya fimbo laini za chuma, na kila mhimili unasukumwa na fimbo yenye uzi ya aina ya T8 inayozungushwa na stepa mota ya NEMA 17. Spindo ni mota ya brashi ya aina ya 775, ya volti 24, inayofika takriban mizunguko 10,000 kwa dakika ikiwa haikati kitu. Koleti, kibano kinachoshika biti, ni ER11, na biti za kawaida zina shina la milimita 3.175. Ubongo wake ni kidhibiti cha ATmega328P chenye programu ya GRBL, inayopokea amri kupitia waya wa USB.

Kuna matoleo mengi. Toleo la msingi halina swichi za kikomo wala kitufe cha dharura. Matoleo kama 3018-PROVer huja na vyote viwili, pamoja na kuta za plastiki pembeni za kuzuia maranda. Tofauti ya bei ni ndogo, na kwa darasa hakuna mjadala: chukua lenye swichi. Sababu itaonekana kwenye habari ya umeme kukatika.

Kuifunga ni somo la kwanza, msiwanyime wanafunzi

Shule nyingine huagiza mafundi waje kuziunganisha mashine, kisha wanafunzi wanazikuta zikiwa tayari. Ni kosa. Kuunganisha 3018 ni kazi ya saa chache, na ndani yake kuna somo zima la umbo la mashine: mhimili gani unabeba nini, na kwa nini kila mmoja lazima uwe mraba kwa mwenzake.

Kinachoharibika mara nyingi ni pembe kati ya daraja la X na reli za Y. Ukikaza bolti zote mara moja, fremu hukaa upande. Kaza nusu, weka guni (kipimo cha pembe mraba) kati ya daraja na reli, sukuma meza mbele na nyuma kwa kuzungusha fimbo kwa mkono hadi isikwame popote, ndipo ukaze kabisa. Kisha thibitisha kwa kukata: chora mraba wa milimita 80 kwa 80 kwenye MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, kwa biti yenye ncha kali na upime mishazari yote miwili. Kila mmoja unapaswa kuwa 113.14. Mishazari ikitofautiana kwa milimita 1, pembe yako imekosea kwa takriban nusu digrii, na GRBL haitalirekebisha hilo. Rudi kwenye guni.

Spindo nayo isimame wima juu ya meza. Pinda kipande cha waya mgumu kiwe kama herufi L, kifunge kwenye koleti, zungusha kwa mkono, na uangalie kama ncha yake inagusa karatasi mezani kwa nguvu ileile mbele, nyuma, kulia na kushoto. Ikiinama, weka vipande vya alumini ya kopo la soda nyuma ya kishikio cha mota. Unene wake ni takriban milimita 0.1, unatosha kwa marekebisho madogo.

Koleti ya ER11 inaonewa kuliko kifaa kingine chochote. Mwanafunzi huiweka koleti kwenye spindo, kisha hufungia nati juu yake. Utaratibu ni kinyume: koleti inaingizwa kwanza ndani ya nati mpaka isikike ikibofya, ndipo nati yenye koleti inapofungwa kwenye spindo, na biti inaingia mwisho. Ikifungwa vibaya, biti inayumba, tundu linatoka kubwa kuliko biti, na siku ya kufungua koleti hubaki imenasa ndani. Kuna jambo jingine lisilo kosa la mwanafunzi: kwenye mashine nyingi za aina hii koleti hukaa kwenye kiungio kinachovishwa juu ya shafti ya mota ya milimita 5 na kushikwa kwa skrubu ndogo za pembeni. Kuyumba kidogo kupo tangu kiwandani. Dayal geji, kipimo cha mshale, ikionyesha zaidi ya milimita 0.05 karibu na koleti, legeza, zungusha kiungio robo, kaza, pima tena.

Mipangilio ya GRBL ya kukagua kabla ya kukata chochote

Kazi ya kwanza ni kuandika $$, amri ya kuonyesha mipangilio yote, na kunakili majibu yote kwenye faili la maandishi. Siku mwanafunzi atakapoandika $RST=$, inayorudisha mipangilio ya awali, ili aone kinachotokea, na siku hiyo itafika, faili hilo ndilo litakalookoa kipindi.

$100, $101 na $102 ni idadi ya hatua kwa milimita. Mota inapiga hatua 200 kwa mzunguko, draiva inagawa kila hatua mara 16, na uzi wa T8 unaotumika hapa unasogeza milimita 4 kwa mzunguko: 200 × 16 ÷ 4 = 800. Wauzaji wengine huigeuza hesabu hii kuwa tangazo, kwamba mashine inasogea kwa milimita 0.00125. Inasogea hivyo kwenye karatasi. Ukiweka dayal geji kwenye koleti na kuisukuma spindo kwa kidole, mshale unasogea mbali zaidi ya hapo. Usahihi wa kweli wa kukata ni wa milimita 0.1 hivi, na mwanafunzi aone tofauti ya namba hizo mbili kwa macho yake.

Kuna kanuni ya kusahihisha inayozunguka mtandaoni: namba ya zamani × umbali ulioagizwa ÷ umbali uliopimwa. Umeagiza 100, umepima 99.4, basi 800 × 100 ÷ 99.4 = 804.83. Hesabu ni sahihi, lakini mara nyingi ugonjwa hauko hapo. Uzi wa T8 haubadiliki kiasi hicho. Kilichopo ni mchezo wa nati (ulegevu kati ya nati na fimbo), kapulingi iliyolegea, au venia iliyoshikwa upande. Pima ukitokea upande mmoja, kisha mwingine. Kama kosa linatokea pale tu unapogeuza mwelekeo, huo ni mchezo wa nati, na ukibadilisha $100 utakuwa umeficha ugonjwa na kuharibu vipimo virefu. GRBL haina fidia ya mchezo, kwa hiyo dawa ni nati yenye springi na kukaza skrubu za kapulingi.

$30 ni kasi ya juu ya spindo. Ikiwa imeandikwa 1000 na programu yako inasema S8000, yaani mizunguko 8,000, GRBL itaipa mota nguvu zote. Ukiandika S500 itatoa nusu. Weka $30=10000 ili namba za programu zifanane na uhalisia, ingawa mota hii haina kipimo cha mrejesho, na kasi hushuka ikianza kukata. $32 iwe 0. Hiyo ni hali ya leza, na ikiachwa 1 spindo huzimwa wakati wa kila mwendo wa haraka wa G0, kisha biti hushushwa kwenye mbao kabla haijashika kasi. Biti za kabaidi huvunjika hivyo na mtu akalaumu biti.

$130, $131 na $132, urefu wa kila mhimili, ziwe 300, 180 na 45, au pungufu kidogo kulingana na mashine yako. Zikiwa kubwa kuliko mashine, kinga ya $20, inayokataa amri za kwenda nje ya eneo, haikingi chochote.

Kukata

Anza na kalamu kwenye koleti, bila kuwasha spindo. Baadaye MDF, plaiwudi, akriliki, bodi ya shaba, na mwishoni alumini nyembamba. Chuma cha pua na chuma cha kawaida viondoe kabisa kichwani.

Kanuni ya kasi ni ileile ya mashine kubwa, nayo ndiyo sababu ya kuitaka ifanywe kwa daftari: mizunguko = mwendo wa kukata × 1000 ÷ (3.14 × kipenyo). Kwa alumini kwa mita 100 kwa dakika na biti ya 3.175, jibu ni takriban 10,000, yaani mwisho wa uwezo wa spindo. Mwendo wa meza ni mizunguko × meno × unene wa kila jino: 10,000 × 1 × 0.02 = milimita 200 kwa dakika. Hadi hapo hesabu inakubali. Inapokataa ni kwenye kina. Mashine kubwa itazamisha biti hiyo milimita kadhaa. 3018 inakubali 0.1 hadi 0.2, na ukizidisha fremu inanepa, sauti inakuwa ya kukereketa na ukuta wa kipande unatoka na mawimbi. Tumia biti ya jino moja, tone la spiriti, na brashi ya kuondoa vipande. Alumini laini ya mabati au ya sufuria hugandana kwenye biti, na biti iliyoganda haikati tena, inasugua hadi ivunjike.

Kwa MDF na biti ya meno mawili, anza na milimita 500 kwa dakika na kina cha 0.5. Mwendo wa kushuka uwe theluthi moja ya mwendo wa pembeni au chini ya hapo, kwa kuwa biti nyingi hazikati vizuri kwa kuchomeka wima. Akriliki inataka mwendo wa haraka na mizunguko ya chini. Ukienda polepole inayeyuka na kuishika biti.

Bodi za shaba ndizo kazi ambayo 3018 inaifanya vizuri kweli, na chuo cha elektroniki kinaweza kuinunua kwa hilo peke yake. Biti ya V ya digrii 30 yenye ncha ya milimita 0.1 ikizama 0.1 inakata mfereji wa takriban 0.15. Ikizama 0.3 mfereji unakuwa 0.26 na njia nyembamba za shaba zinaliwa. Bodi haijawahi kuwa bapa, kwa hiyo tumia ramani ya kimo iliyomo kwenye programu ya Candle: mashine inagusa bodi sehemu nyingi, inakumbuka kila kimo, na kurekebisha Z njia nzima. Nunua bodi za FR1, za karatasi na resini. FR4 ina nyuzi za kioo, vumbi lake ni baya kwa mapafu na linakula biti haraka. Kama FR4 ndiyo iliyopo, barakoa nzuri na mashine ya kufyonza vumbi viwepo kabla ya kuwasha.

Leza inayouzwa pamoja na mashine hizi iacheni dukani. Miwani ya plastiki inayokuja nayo haina uthibitisho wa kuaminika, darasa lina macho mengi, na mtu akiikatia PVC hewa inajaa kloridi ya hidrojeni.

Sifuri, na umeme unapokatika

Hapa ndipo thamani ya mashine ilipo. Mwanafunzi akitoka na jambo moja tu, liwe hili: mashine ina sifuri yake, kazi ina sifuri yake, na ajali nyingi hutokea mtu anapozichanganya.

Amri $H hupeleka mihimili kwenye swichi na kuipa mashine sifuri yake. Kisha unasogeza biti hadi kwenye kona ya kipande na kuandika G10 L20 P1 X0 Y0. Hiyo inahifadhi sifuri ya kazi kwenye G54, ndani ya kumbukumbu isiyofutika. Kwa Z, shusha biti taratibu juu ya karatasi ya kawaida ya ofisi, ambayo ina unene wa takriban 0.1, hadi karatasi ianze kukwama, kisha andika G10 L20 P1 Z0.1. Wakishaizoea karatasi, wapeni kigusio: kipande cha bodi ya shaba chenye unene wa 1.6, waya mmoja kwenye biti na mwingine kwenye shaba, halafu G38.2 Z-20 F50 na G10 L20 P1 Z1.6. Pima unene halisi kwa venia, msiamini 1.6 ya kwenye lebo. Kabla ya kila mguso, gusanisha waya mbili kwa mkono na uone alama ya Pn:P kwenye hali ya mashine. Waya ukiwa umekatika, biti itashuka moja kwa moja hadi mezani.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yanatumia G92 X0 Y0 Z0. Katazeni. G92 kwenye GRBL hupotea umeme ukizimwa, na kwetu umeme unazimwa bila kubisha hodi. Mwenye toleo la swichi na G54 afanye hivi umeme ukirudi: ainue Z kwa kuzungusha kwa mkono kabla ya kuwasha, awashe, $H, kisha sifuri ya kazi ipo palepale ilipokuwa. Asianzishe programu katikati bila kurudisha kwanza G21 (milimita), G90 (vipimo kutoka sifuri), G54, M3 yenye S yake (spindo), na F (mwendo), kwani mashine iliyowashwa upya haikumbuki spindo wala mwendo. Mwenye toleo lisilo na swichi anaanza kutafuta kona upya, na kipande kilichokatwa nusu kwa kawaida kinaishia kwenye pipa la taka.

Hitilafu za umeme hazitokani na kukatika pekee. Mota ya brashi inatupa kelele, USB inakatika katikati ya kazi, na darasa linasema programu ni mbovu. Unganisha kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100 kati ya nguzo mbili za mota, tumia waya mfupi wa USB wenye kinga, na uutenge mbali na waya za spindo. Kompyuta isiruhusiwe kulala: GRBL inahifadhi mistari michache tu mbele yake, ikiimaliza inasimama huku spindo ikizunguka na kuchoma mbao mahali pamoja. Msichomoe waya wa stepa mota umeme ukiwa umewaka; kwenye bodi zenye draiva za A4988, draiva huungua papo hapo.

Namba za hitilafu zibandikwe ukutani, ila zile zinazotokea tu. Alarm:1 swichi imeguswa wakati wa kazi. Alarm:2 programu inataka kwenda nje ya eneo, mara nyingi kwa sababu sifuri ya kazi imewekwa karibu mno na ukingo. Alarm:9 mashine ilitafuta swichi haikuipata, kagua waya. Error:20 amri isiyojulikana. Mwanafunzi anayebonyeza $X, amri ya kuifungua mashine iliyojifunga, kabla ya kusoma namba atolewe kwenye mashine kwa siku hiyo. Ni ukali, lakini kiwandani kitufe cha namna hiyo kinagharimu spindo.

Lahaja ya GRBL na lahaja ya kiwandani

Hili linasahaulika kwenye mitaala na ndilo litakalomwaibisha mhitimu. G-kodi, lugha ya amri za CNC, ya GRBL ni ndogo kuliko ile ya Fanuc au Haas za viwandani. Haina mizunguko ya kutoboa ya G81 na G83. Haijui M6 ya kubadili biti. Haina G41 wala G42 za kufidia kipenyo cha biti, wala G43 H ya urefu wa biti kutoka kwenye jedwali, ila G43.1 peke yake. Haina vigezo vya namna ya #100. Mhitimu aliyeona 3018 tu akisimama mbele ya mashine yenye biti 20 kwenye ghala lake hajui hata pa kuanzia, maana kwake kubadili biti ni kufungua koleti na kuweka sifuri ya Z upya.

Kuna mtego mdogo zaidi wa nukta. GRBL ikiona X10 inaelewa milimita 10. Baadhi ya vidhibiti vya Fanuc, kulingana na mpangilio wake, huisoma X10 isiyo na nukta kuwa milimita 0.010. Tangu siku ya kwanza wanafunzi waandike X10. au X10.0, hata kama mashine iliyo mbele yao haijali. Tabia hiyo haigharimu kitu, na kuisahau kunaweza kuvunja biti na jiliwa kwa pigo moja.

Dawa ya pengo hili ni ya bure. Programu ya LinuxCNC ina hali ya kuiga inayofanya kazi kwenye kompyuta isiyounganishwa na mashine yoyote, nayo inaelewa T1 M6, G43 H1, G81, G83 na vigezo. Kila zoezi liandikwe mara mbili: la 3018, likatwe, la LinuxCNC, liigizwe na kukaguliwa kwenye skrini. Matundu manne yanayochukua mistari mingi kwenye GRBL yanakuwa mstari mmoja wa G83 Z-6. R2. Q1. F100 na orodha ya nafasi. Mwanafunzi aliyeziandika zote mbili anaelewa mzunguko huo unafanya nini ndani yake, jambo ambalo hata waendeshaji wazoefu huwa hawalijui.

Kwa kuchora na kutengeneza njia za biti, FreeCAD inatosha. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, na benchi lake la CAM, la kutengeneza njia za biti, lina kichakataji kinachoziandika kwa amri za GRBL. Ni la bure kabisa, halitaki intaneti kila siku, na leseni yake haitabadilika chuo kikiwa katikati ya muhula. Fusion ni rahisi zaidi kujifunza, ila leseni ya binafsi ya bure inageuza mwendo wa haraka wa G0 kuwa mwendo wa kukata na haikubali biti zaidi ya moja kwenye faili, na kwa darasa hilo linafundisha tabia mbaya.

Cha kununua pamoja nayo

Bajeti ikitosha mashine tatu tupu, nunueni mbili na vipimo. Kila mashine iwe na venia ya milimita 150, na karakana iwe na dayal geji moja yenye kishikio cha sumaku, maikromita ya 0 hadi 25, na guni la chuma. Venia za dijitali za bei rahisi hudanganya betri ikichoka. Ya kusoma kwa macho inafundisha zaidi na haifi. Ongezeni biti za kutosha, kwa kuwa zitavunjika, mbao za MDF za kubandika mezani ili biti isiguse alumini, koleti ya akiba, mota moja ya 775 ya akiba kwa sababu brashi huisha, na bodi moja ya kidhibiti. Miwani ya kinga ni ya kila mtu aliyemo chumbani. Karakana za Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi, zinaweza kutengeneza jiliwa ndogo na vibanio bora kuliko vile vya kwenye boksi, na kazi hiyo ipewe wanafunzi wa ufundi mitambo wenyewe.

Wanafunzi watatu kwa mashine moja ni idadi nzuri: mmoja anaendesha, mmoja mkono uko karibu na kitufe chekundu, mmoja anapima na kuandika. Kwenye kundi changanyeni wa mitambo na wa kompyuta. Wa kwanza atasikia kwa sikio kwamba biti inateseka, wa pili ataona kosa kwenye mstari.

Nani asinunue

Chuo kinachotaka kutengeneza vipuri vya kuuza, vya alumini au chuma, hakitafika popote na 3018. Kitafute mashine ya chuma cha kalibu hata ya mkono, au iliyotumika. Chuo ambacho tayari kina CNC kubwa inayofanya kazi kinaihitaji kwa mwaka wa kwanza tu, kama daraja. Printa ya 3D haichukui nafasi yake: inafundisha kuchora na kutengeneza faili, lakini haifundishi kufunga kipande wala nguvu ya kukata, na sifuri yake mara nyingi inajiweka yenyewe.

Anayeitaka kwa kufundisha kasi halisi, maji ya kupozea, urefu wa biti na uzito wa kipande cha kilo kumi hatavipata hapa, na asimwahidi mwanafunzi. Baada ya 3018 bado kunahitajika wiki kadhaa kwenye mashine ya kweli, iwe ya chuo kingine au ya kiwanda kinachopokea wanafunzi wa mazoezi. Mkubaliane mapema na kiwanda hicho kidhibiti chake ni cha aina gani, ili mazoezi ya LinuxCNC yaandikwe yakielekea huko.